Uzio wa Miti Unapokauka: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Uzio wa miti hauanzi kufa siku ile unapouona umekauka. Tawi linapogeuka rangi ya kutu, jambo lililoliua limekwisha kutokea wiki kadhaa nyuma, pengine miezi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Tena mara nyingi halikutokea kwenye tawi lenyewe, bali chini yake, ama kwenye shina, ama kwenye shingo ya mti pale gome linapokutana na udongo, ama kwenye mizizi. Ndiyo maana mtu anayekimbilia bomba la kupulizia mara tu aonapo majani makavu humaliza dawa na uzio ukaendelea kukauka. Wadudu na ukungu wapo, na nitawaeleza, lakini chanzo cha ukavu mwingi wa uzio ni maji yaliyozidi au kupungua, udongo uliovurugwa, na upogoaji usiofaa. Wadudu na ukungu mara nyingi huja baadaye kuumalizia mti uliokwisha kudhoofika.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kisu kidogo chenye makali, mkasi wa kupogolea, sepetu au jembe dogo, karatasi nyeupe, kioo cha kukuzia, futi kamba, spiriti ya kufutia vifaa, na daftari. Hatua zimepangwa makusudi kuanzia zile zisizoudhuru mti hadi zile zinazohitaji kukata na kuchimba, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake hata kama unadhani jibu umeshalijua, na hasa kama unadhani umeshalijua.

Hatua ya kwanza: Utambue mti na mazoea yake

Kabla ya kuuliza mti unaumwa nini, uliza ni mti gani na huwa unafanya nini ukiwa mzima. Misaipresi na jamaa zake wenye majani kama magamba au sindano huacha majani ya ndani yazeeke, yageuke kahawia na kudondoka, kwa kuwa mwanga hauyafikii. Ukipanua matawi ukakuta ndani pamekauka ilhali nje pana kijani kizito kinachofunika pande zote, hapo hakuna ugonjwa. Miti ya majani mapana isiyopukutisha majani yote kwa pamoja nayo huangusha yale ya zamani. Kwa kawaida majani hayo huwa ya njano sawasawa, yako ndani ya kichaka, na huanguka wakati machipuko mapya yanapotoka. Ukavu wa kutiliwa shaka ni ule unaoanzia kwenye ncha au kwenye majani machanga, au unaochukua tawi zima pamoja na vijiti vyake vyote.

Jambo la pili la kujua mapema ni kama mti wako huweza kuchipua kutoka kwenye sehemu iliyokomaa isiyo na majani. Hibiskasi, duranta na bogonvilia hustahimili kukatwa sana na huchipua tena. Msaipresi hauna uwezo huo: ukikatwa hadi kwenye mbao ya kahawia isiyo na jani la kijani, sehemu hiyo hubaki uchi daima. Miongoni mwa jamaa za misonobari zinazopandwa kama uzio, Taxus ndio unaojulikana kwa kuivunja kanuni hiyo, maana huchipua hata kwenye shina kuukuu. Nimewahi kuitwa zaidi ya mara moja kutazama "ugonjwa" wa misaipresi uliokuwa, kwa kweli, alama ya mkasi tu: upande mmoja umenyolewa kupita kijani, na mtu anasubiri kwa miezi majani ambayo hayatarudi.

Hatua ya pili: Soma ramani ya ukavu

Simama hatua 10 au 15 kutoka kwenye uzio na uutazame wote kwa mara moja. Chora mstari kwenye daftari, upe kila mti namba yake, kisha weka alama kuonyesha ulio mzima, unaoanza kukauka na uliokufa. Piga picha pia, ukisimama mahali pale pale utakaposimama tena baada ya wiki tatu au nne, kwa sababu kasi ya kuenea ni ushahidi usiopatikana kwa kutazama mara moja.

Kanuni inayosaidia kuliko zote katika hatua hii ni kwamba visababishi visivyo hai huacha mipaka iliyonyooka na madhara yanayolingana, huku visababishi vilivyo hai vikiacha madoa yasiyo na mpangilio yanayokua. Kipande cha uzio kilichokauka kuanzia mti wa 7 hadi wa 12, chenye mpaka dhahiri pande zote mbili na kisichoongezeka baada ya hapo, kinasimulia habari ya mtaro uliochimbwa, bomba lililopasuka, mabaki ya saruji na chokaa yaliyofukiwa, au dawa ya magugu iliyomwagika. Kama uzio wako umechanganya miti ya aina mbili au tatu, na yote imekauka mahali pamoja, basi karibu uache kabisa kufikiria ugonjwa, kwa maana vimelea wengi huchagua mti wa kushambulia, lakini ukame, chumvi na dawa ya magugu havichagui hivyo.

Ukavu wa upande mmoja tu hutokana na kitu kilichoko upande huo: upepo mkali wenye chumvi ya bahari, joto linalorudishwa na ukuta au mabati, vumbi zito la barabarani, au dawa ya magugu iliyopeperushwa kutoka shamba la pili. Ukavu wa juu, unaoanzia kwenye vilele na kushuka polepole kwenye miti mingi kwa pamoja, huelekeza macho chini, kwa sababu kilele ndicho kilicho mbali zaidi na mizizi na ndicho kinachokosa maji kwanza. Ukavu wa chini, ukiwa sehemu ya juu ni nzima, una sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni umbo: uzio ulionyolewa ukawa mpana juu na mwembamba chini hujinyima mwanga wenyewe, na matawi ya chini hufa kwa giza. Ya pili ni mashine ya kufyekea nyasi inayochubua gome kila mara ifanyapo kazi. Ya tatu ni mbwa wanaokojoa mahali pale pale; madoa yao huwa ya kahawia iliyokoza hadi nyeusi, kwenye kimo cha goti, mara nyingi kwenye pembe au karibu na lango.

Umakini mkubwa unahitajika pale mti mmoja unapokufa, kisha jirani yake, kisha anayefuata, kwa miezi au miaka, kwa mfuatano ulio kama moto unaotambaa. Mpangilio huo ni wa ukungu wa mizizini unaopita kutoka mzizi hadi mzizi, na uzio ni njia nzuri mno kwake kwa kuwa miti imepandwa karibu na mizizi yake imefumana.

Hatua ya tatu: Andika historia ya miaka miwili

Andika kila kilichofanyika kando ya uzio katika miaka miwili iliyopita: ulipogolewa lini na kwa kina gani, kulikuwa na ukame au mafuriko, nani alichimba, nani alimwaga kifusi, mbolea gani iliwekwa na kiasi gani, magugu yaliuawa kwa njia gani. Waulize na majirani. Mizizi iliyokatwa na mtaro wa bomba hairudishi malalamiko siku hiyo. Mti huendelea kuishi kwa akiba yake hadi kipindi cha kwanza cha jua kali, ndipo upande uliopoteza mizizi unapokauka ghafla, wakati mchimbaji ameshasahaulika. Miti ya jamii ya saipresi hudanganya zaidi, kwa sababu tawi lake lililokwisha kufa hubaki na rangi ya kijani kwa wiki kadhaa kabla ya kubadilika.

Hapa pia ndipo penye samadi. Samadi mbichi au mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa kwenye shina huunguza mizizi midogo, na majani huanza kukauka kingoni kabla ya katikati. Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana: baadhi ya dawa za magugu ya majani mapana zinazopuliziwa malishoni, kama aminopyralid, hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika na kubaki kwenye samadi, kisha huyapotosha machipuko ya mimea iliyowekewa samadi hiyo.

Hatua ya nne: Kwangua gome ili kupata mpaka wa uhai

Chukua kisu, na kuanzia kwenye ncha iliyokauka, kwangua gome kidogo tu, upana wa ukucha, hadi uone tabaka lililo chini yake. Likiwa la kijani au jeupe lenye unyevu, hapo pana uhai. Likiwa la kahawia na kavu, hapo pamekufa. Shuka kwa sentimita kumi kumi kuelekea kwenye shina mpaka upate mahali ambapo kahawia inageuka kijani, na ufunge uzi hapo. Rudia kwenye matawi matano au sita ya miti tofauti, na uifute bledi kwa spiriti kila unapohama mti.

Namna mpaka huo ulivyo ni ya maana kuliko mahali ulipo. Mpaka unaofifia polepole, kutoka ncha kavu hadi sehemu iliyosinyaa hadi sehemu nzima, bila kidonda chochote, ni alama ya mti uliokosa maji au mizizi iliyoshindwa kazi. Mpaka mkali kama umekatwa kwa rula, ukiwa na gome lililobonyea, lililopasuka au linalotoa utomvu, ni kidonda cha ukungu au bakteria, na chanzo kiko hapo hapo. Kisha likate tawi moja kwa mshazari na utazame ndani ya mbao: mistari au duara la kahawia katika mbao iliyopaswa kuwa nyeupe, kwenye tawi ambalo majani yake yalinyauka ghafla upande mmoja, ni dalili ya ukungu wa Verticillium, unaoingia kupitia mizizini na kuziba mirija ya maji.

Vinundu vidogo vya rangi ya waridi au chungwa juu ya mbao iliyokufa huwatisha watu wengi. Ni ukungu uitwao Nectria cinnabarina, ambao kwa kawaida hula kilichokwisha kufa. Ukate tawi hilo hadi kwenye sehemu nzima, kisha endelea kumtafuta mhusika mwenyewe.

Hatua ya tano: Chunguza majani na vijiti

Geuza majani. Wadudu wengi wa uzio hukaa upande wa chini wa jani, kwenye makutano ya vijiti, au wamejificha chini ya ngao zao. Wadudu gamba huonekana kama vipele vya kahawia au vyeupe vilivyoganda kwenye kijiti, na hubanduka ukivipitishia ukucha. Vidung'ata hufanana na vipande vya pamba. Wote hawa, pamoja na vidukari, hufyonza utomvu na kutoa umajimaji mtamu unaovuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi kama masizi juu ya majani ya chini. Ukiona masizi, usihangaike na masizi. Tazama juu yake kuna nani. Sisimizi wanaopanda na kushuka kwa msururu watakuonyesha njia.

Utitiri hauonekani kwa urahisi. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge tawi mara tatu kwa nguvu, kisha ngoja sekunde chache: vumbi linalotembea ni utitiri. Hushambulia wakati wa joto na ukavu, huacha majani yakiwa na vidoa vidogo vya njano au rangi ya shaba, na huongezeka hasa baada ya mtu kupulizia dawa kali ya wadudu, kwa kuwa dawa hiyo huwaua wadudu wanaokula utitiri kabla ya utitiri wenyewe. Hii ni sababu mojawapo ya kutopulizia chochote kabla uchunguzi haujakamilika.

Kwa mwenye misaipresi, mdudu wa kumtafuta kwa bidii ni kidukari wa saipresi, Cinara cupressivora, mwenye rangi ya kahawia na umbo la mviringo, anayekaa kwa makundi kwenye vijiti vya ndani na matawi mazima badala ya ncha. Anapofyonza huingiza mate yenye sumu kwa mti, hivyo madoa ya kahawia huendelea kupanuka hata baada ya yeye kuondoka. Alionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, akaua misaipresi kwa wingi, na katika sehemu nyingine za dunia ameharibu uzio kwa namna ile ile. Ugumu wake ni kwamba mwenye uzio huona madoa wakati kundi limeshahama. Kilichobaki ni magamba meupe ya ngozi walizojivua, masizi na sisimizi. Tafuta ndani, na tafuta mapema, machipuko mapya yanapoanza.

Uzio wa Buxus, kichaka cha majani madogo kinachonyolewa kwa umbo, una maadui wawili wanaochanganywa. Ugonjwa wa ukungu wa Calonectria huanza kwa madoa ya kahawia kwenye majani, mistari myeusi kwenye vijiti vichanga, na majani kudondoka yote kwa siku chache. Viwavi wa nondo Cydalima perspectalis, walioingia Ulaya kutoka Asia ya Mashariki katika muongo wa kwanza wa karne hii, hula majani na kuacha nyuzi kama za buibui pamoja na kinyesi cha vichembe vya kijani. Majani yakiwa chini ni ukungu. Yakiwa yameliwa na kufungwa kwa nyuzi ni viwavi.

Katika miti ya jamii ya waridi inayotumika kwa uzio, kama Pyracantha, Cotoneaster na Crataegus, ncha iliyonyauka, ikawa nyeusi kama imebabuliwa na moto, ikajipinda mfano wa mpini wa bakora na majani yakaendelea kuning'inia, ni ugonjwa wa bakteria Erwinia amylovora. Huenda kwa kasi, na katika nchi kadhaa sheria humtaka mwenye mti autolee taarifa.

Dawa za magugu huacha maandishi yao wenyewe. Glaifoseti huonekana kwenye machipuko yanayofuata, yakitoka madogo, membamba na yaliyosongamana kama ufagio, na huenda yakachelewa kutokea. 2,4-D huyapinda majani na vikonyo kama yamesokotwa. Upungufu wa virutubisho hauui uzio upesi, lakini huonekana kwa mpangilio unaotabirika: naitrojeni huanza kwa majani ya zamani kuwa ya njano yote, magnesiamu kwa majani ya zamani kuwa ya njano katikati ya mishipa ya kijani, na chuma kwa mpangilio huo huo ila kwenye majani machanga. Chuma kikipungua, mara nyingi kimo udongoni tele. Chokaa iliyozidi ndiyo imekifunga.

Hatua ya sita: Shuka kwenye shina na shingo ya mti

Piga magoti. Uchunguzi mwingi huharibika kwa sababu mtu anachunguza akiwa amesimama. Ondoa matandazo na majani yaliyorundikana kuzunguka kila shina linaloumwa na kila shina zima lililo jirani, ili uwe na cha kulinganisha.

Kwanza tafuta kilichosahauliwa na mpandaji: waya, kamba ya nailoni, mfuko wa kitaluni, kipande cha mpira. Nilipoteza msimu mzima nikipulizia dawa ya ukungu kwenye uzio ambao kila mti wa tatu ulikuwa unakufa, hadi nilipokwangua udongo na kukuta waya uliotumika kufungia nguzo za mwanzo umemezwa na gome. Kila mti wa tatu ndio uliokuwa na nguzo. Mpangilio ulikuwa umeniambia tangu siku ya kwanza, ila sikuhesabu.

Pili, tazama kama shina limefukiwa. Mti mzima hupanuka kidogo pale unapoingia ardhini. Ukiona shina linazama kama nguzo iliyochomekwa, lilipandwa kwa kina kupita kiasi au limerundikiwa udongo na matandazo, na gome lililokusudiwa kukaa hewani linaoza kwa unyevu.

Tatu, tafuta vidonda na matundu. Utomvu unaotiririka kutoka kwenye gome la msaipresi lililobonyea na kugeuka jekundu au jeusi ni dalili kuu ya ukungu wa Seiridium cardinale, uliogunduliwa California mwaka 1928 na baadaye kuua misaipresi mingi katika nchi za Mediterania. Matundu yenye unga wa mbao chini yake ni ya funza wa shina. Vifereji vya udongo vinavyopanda juu ya gome ni vya mchwa, ambao mara nyingi, ingawa si mara zote, wamefuata mbao iliyokwisha kufa. Chimbua kifereji kimoja na ukwangue gome chini yake kabla ya kuwahukumu.

Mwisho wa hatua hii, kata kipande kidogo cha gome usawa wa ardhi kwenye mti uliokufa au unaokaribia kufa. Ukikuta utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mbao, wenye harufu kali ya uyoga, umeupata ukungu wa Armillaria. Nyuzi nyeusi kama kamba za viatu chini ya gome au udongoni huthibitisha, lakini hazionekani kila mahali ukungu huu ulipo, hivyo kuzikosa hakumaanishi kuwa haupo. Ukikuta badala yake doa la kahawia nyekundu linalopanda kutoka kwenye mizizi bila utando wowote, shuku Phytophthora, kimelea kinachoozesha mizizi.

Hatua ya saba: Chimba

Chimba upande mmoja wa mti, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye shina, kwa kina cha sentimita 30. Mizizi mingi inayonyonya maji iko ndani ya kina hicho. Fanya hivyo kwa mti unaoumwa na kwa mti mzima. Udongo uliouchimba ufinye mkononi: ukivunjika kama unga, mti una kiu hata kama juu palimwagiliwa jana, ukitoa maji au harufu ya yai viza, mizizi imekosa hewa. Umwagiliaji mdogo wa kila siku unaolowesha sentimita chache za juu ni miongoni mwa visababishi vya kiu vinavyofichika zaidi, hasa uzio ukiwa chini ya paa linalozuia mvua au karibu na mkaratusi.

Mizizi midogo iliyo hai huwa myeupe au ya krimu ndani, na haikatiki kwa urahisi. Iliyooza huwa ya kahawia iliyokoza na laini, na ukiivuta kati ya vidole, ganda la nje huchomoka na kubakiza uzi mwembamba mkononi. Hiyo ndiyo kazi ya Phytophthora, ambayo jina lake, lililotolewa na Anton de Bary mwaka 1876, kwa Kigiriki lina maana ya mwangamizi wa mimea. Si ukungu wa kweli. Mbegu zake zina mikia na huogelea katika maji yaliyo udongoni, ndiyo maana hushamiri pale maji yanapotuama. Mizizi yenye vinundu visivyobanduka ni ya minyoo fundo. Mizizi inayozunguka shina kwa duara ilikaa muda mrefu mno kwenye chombo cha kitaluni, nayo hulikaba shina miaka kadhaa baada ya kupandwa.

Kabla ya kufukia, pima unywaji wa maji. Chimba shimo la sentimita 30 mbali kidogo na mizizi, lijaze maji, yaache yanywee yote, kisha lijaze tena na upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Kushuka kwa sentimita 2.5 hadi 7.5 kunafaa miti mingi ya uzio. Chini ya 2.5, maji hutuama. Zaidi ya 10, yanapita kabla mizizi haijayanywa.

Hatua ya nane: Linganisha, kisha jaribu jambo moja

Sasa unayo ramani, historia, mpaka wa uhai, majani, shina na mizizi. Chanzo sahihi ni kile kinachoeleza yote haya kwa pamoja, pamoja na kueleza kwa nini miti mizima ni mizima. Vidukari wachache hawaelezi mpaka ulionyooka kati ya mti wa 12 na wa 13. Vyanzo viwili vikishindana, badilisha kitu kimoja tu kwenye nusu ya uzio, tuseme umwagiliaji wa kina mara moja kwa wiki badala ya kidogo kila siku, na uache nusu ya pili kama ilivyo kwa wiki sita hadi nane.

Ukishuku ugonjwa wa mizizi au wa bakteria, peleka sampuli maabara ya mimea. Sampuli inayofaa ni ile yenye mpaka wa uhai na kifo ndani yake. Tawi lililokufa kabisa halina cha kuonyesha isipokuwa vimelea wa baadaye. Vijiti na majani vifungwe kwenye gazeti kavu. Mizizi iwekwe pamoja na konzi mbili za udongo wake kwenye mfuko wa plastiki, mahali pa baridi. Ambatanisha ramani na historia yako.

Hatua ya tisa: Tibu kulingana na chanzo

Matawi yenye vidonda yakatwe sentimita 10 hadi 15 chini ya mpaka wa uhai, na kwa ugonjwa wa Erwinia sentimita 30 au zaidi, wakati hali ya hewa ni kavu, huku mkasi ukifutwa kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mkato. Mabaki ya mti mgonjwa yasiingie kwenye mboji.

Kiu hutibiwa kwa maji mengi yanayofika sentimita 30 chini, kwa nafasi ndefu, na matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiyogusa shina. Maji yaliyotuama huondolewa kwa mfereji au tuta, si kwa dawa. Umbo baya hurekebishwa kwa kunyoa uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, polepole kwa misimu kadhaa ikiwa ni msaipresi. Kwa wadudu, anza na maji ya kasi, sabuni ya mimea au mafuta ya kupulizia, na uyaelekeze mahali walipo, yaani ndani ya uzio. Mafuta yajaribiwe kwanza kwenye tawi moja, kwani majani ya baadhi ya miti huungua. Armillaria haina dawa ya kuiponya: mti ulioshambuliwa ung'olewe pamoja na kisiki na mizizi mikubwa yote inayopatikana, na mti mmoja ulioonekana mzima kila upande uhesabiwe kuwa wa kushukiwa.

Pengo kwenye misaipresi hai huweza kufunikwa bila kupanda mti mpya, kwa kuvuta matawi ya kijani ya majirani na kuyafunga yakutane kwenye kamba au ufito. Kamba hiyo ikaguliwe kila baada ya miezi sita na kulegezwa. Pengo likihitaji mti mpya, usipande wa jamii ile ile kwenye shimo lililokuwa na ugonjwa wa mizizi. Chimba shimo pana kuliko refu, nyoosha au kata mizizi iliyojizungusha, na uupande mti kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, shingo ikiwa juu ya udongo. Mti huo utahitaji maji yake peke yake kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu mizizi ya majirani wakubwa itakuwa imefika shimoni kabla yake.